Kilio Kisicho na Machozi

Mfasiri alikuwa amekwama. Zahanati ya mtaani ilikuwa imempa kijitabu cha malezi akitie katika Kiswahili, na Kiingereza kile kilikuwa na maneno ya kukauka tele: hili la kinywa, lile la ua, jingine la mto, na moja refu la mwili mzima. Akaandika, akafuta. Kunyauka? Hilo ni la majani. Kusinyaa? Mwishowe akaandika "kuishiwa maji mwilini," akashusha pumzi.

Chumba cha pili, mtoto wa dada yake akaanza kulia. Nyumba nzima ilimwita Msanii, maana alikuwa bingwa wa kilio cha uongo: mdomo wazi, macho makavu, hadi abebwe. Tangu jana alikuwa akiharisha, lakini wote walisema ni meno.

"Msanii yuko jukwaani!" dada akaita kutoka jikoni. "Usimbebe, mama mdogo, atakuganda!"

"Leo hata sauti hana," bibi wa mtoto akacheka. "Maigizo yamemchosha."

Mfasiri akatabasamu, akaendelea na dalili. Kinywa kikavu. Nepi kavu kwa saa nyingi. Mtoto analia bila machozi.

Akausoma tena mstari ule wa mwisho.

Akaenda kitandani mbio. Macho ya Msanii yalikuwa yamezama, na midomo imekauka kau. Akamfinya ngozi ya tumbo kama kijitabu kilivyoelekeza. Ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, kisha ikarudi polepole.

"Dada! Nepi yake vipi?"

"Kavu tangu asubuhi. Nikasema afadhali, tumbo limefunga."

"Haigizi, dada. Haigizi!"

Hakuna aliyecheka tena.

Walikimbia kuelekea zahanati ileile. Yale maneno aliyokuwa akiyachagua kama nyanya sokoni sasa yalimfuata njia nzima: ua, jani, mto. Kichwa cha mtoto kililegea begani mwake, chepesi mno. "Lia basi, baba," akamsihi. "Hata kwa uongo, lia!"

Nesi hakupoteza muda. Akakoroga ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, akampa dada kikombe. "Kijiko kimoja kimoja. Akitapika, pumzikeni kidogo, muanze tena. Akishindwa kunywa, tunamtundikia dripu."

Kijiko. Kingine. Bibi akamshikia dada kikombe. Msanii akatapika, wakangoja, wakaanza upya. Mfasiri alimpakata, akiogopa hata kupepesa macho.

Jua lilipoanza kupungua dirishani, mtoto alikisukuma kijiko, akaangua kilio. Chozi likachungulia, likateleza hadi sikioni. Mara mfasiri akahisi joto likipenya nepi na kuenea kwenye sketi yake.

"Amenikojolea!" akapiga kelele, huku analia. "Jamani, amenikojolea!"

"Hongera," nesi akasema. "Endeleeni kumpa."

Kesho yake, kwa ruhusa ya nesi, aliongeza kijitabuni, chini ya dalili ile, sentensi ambayo Kiingereza hakikuwa nayo: *Hata kama mtoto wenu amezoea kulia kwa uongo, mtazameni macho kabla hamjacheka.*