Maji ya Daimu

Jioni, baada ya tarumbeta ya boma la Songea, askari Iddi alivua viatu, akatundika mkanda msumarini, akala ugali aliopikiwa na Tabu. Tabu alikuwa mateka. Bwana mkubwa wa boma aliwagawia askari wanawake kama alivyowagawia chumvi, na Iddi, aliyelichoma ghala la Tabu kule Lusewa kwa mkono wake mwenyewe, alionekana amestahili. Zabibu, mtoto wa Tabu, alibaki huko Lusewa na bibi yake, kando ya majivu.

Iddi alipopanda kitandani, mlango ulibishwa.

"Hodi."

"Karibu," alisema Tabu. Kisha akamweleza Iddi: "Ni Daimu, mume wangu. Alikufa vitani."

Daimu aliingia na matundu ya risasi kifuani, maji yakimchuruzika hadi miguuni. Akavuta kigoda, akaketi karibu na kitanda. Hakugombana na mtu. Ila Iddi, dume la kikosi kizima kwa maneno yake mwenyewe, aligundua kwamba jogoo hapandi mtungi. Kesho yake vivyo hivyo, na juma lililofuata pia. Tusimcheke sana, yeye alikwisha kuwacheka wengi.

Akaenda kwa daktari wa boma. Daktari alisema mambo hayo huwapata wanaume wengi: pombe, tumbaku, uchovu, umri, maradhi ya sukari, woga, mawazo.

"Una mawazo?"

"Hapana, bwana daktari. Mimi askari."

Daktari aliridhika na jibu hilo, akampa kwinini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Iddi alimeza, akaambulia uchungu mdomoni.

Mwishowe akamuuliza mwenye kigoda.

"Tuliokunywa maji ya kukinga risasi tulikatazwa wanawake mpaka vita viishe," alijibu Daimu. "Vyangu havijaisha. Nyumba niliyomo ina mwiko. Mrudishe Tabu kwa mtoto, nami nitaondoka na maji yangu."

Habari zikaenea kikosini: yale maji yaliyoshindwa kugeuza risasi kuwa maji yalikuwa yamegeuza kitu kingine.

"Bwana, niache niende," alisema Tabu. "Bibi yake haoni, hawezi kuchimba hata mizizi. Mtoto atakufa njaa. Na wewe utapona."

Iddi alifikiri, kazi ambayo hakuizoea.

"Nikikuachia, wenzangu watasema nimeshindwa na mwanamke."

Aliona aibu hiyo ni kubwa kuliko ile nyingine, ambayo wenzake walikuwa wakiiimba tayari. Akaomba apewe mwanamke wa pili. Akapewa Chiku, na Tabu akabakishwa kwa ajili ya kupika. Magharibi ileile mume wa Chiku alipiga hodi, naye akichuruzika maji, amebeba kigoda chake. Daimu akasogea kumpisha. Wakazungumza habari za mbegu, wanaume wawili waliokuwa wakulima kabla ya yote. Asubuhi Tabu na Chiku walimwaga majivu sakafuni ili pakauke.

Mvua zilipokwisha, mlango ulibishwa kwa sauti ndogo, chini kabisa. Zabibu aliingia, mbavu zote zinaonekana, akapanda mapajani mwa baba yake. Tabu alilia, akampakulia ugali, akaupuliza upoe.

Iddi alikwenda bomani kulalamika kwamba nyumba imejaa. Akapewa kubwa zaidi.