Buti Mbili Juu ya Harusi ya Tunu

Faudhia alikuwa mpiga video wa harusi kutoka Mlandizi, na sheria za kurusha droni alizijua kama anavyoijua Alhamdu: usiirushe juu ya vichwa vya watu, usiipandishe ikakupotea machoni, na tega masikio: ukisikia chombo kingine angani, teremsha cha kwako kwanza, maswali baadaye. Jumamosi ile pale Msimbu alizivunja zote tatu kabla pilau halijaiva.

Sababu ilikuwa paa. Bi Mwanahalima, mama wa Tunu, bibi harusi, alikuwa ameezeka bati za bluu, na alitaka zionekane kwenye video pamoja na nyumba ya wifi yake, Bi Saburi, ambayo bado ilikuwa ya makuti. Picha moja, nyumba mbili.

"Mama, ili zote ziingie lazima nipande juu sana," Faudhia alimwambia.

"Si upande, mwanangu! Kwani huko juu kuna foleni?"

Akapandisha, juu ya vichwa vya wageni. Droni ikawa kama nzi, kisha haikuonekana kabisa. Akabaki kainamia kioo cha rimoti, spika mbili za muziki zikimpasua masikio, asisikie mlio wa injini uliokuwa unakuja kutoka upande wa Vihingo. Alichokiona ni buti. Buti mbili za kahawia, kamba zimefungwa vizuri, zinaning'inia katikati ya kioo na kuzidi kuwa kubwa.

"Toba!"

Aliivuta droni chini kwa nguvu zote, kana kwamba nguvu zinasaidia. Huko juu mwenye buti naye akakata kona. Parachuti lake la manjano likajikunja upande mmoja, likamshusha kama gunia la mkaa. Droni ikatua kwenye bati la bluu kwa kishindo. Mtu akatua kwenye mihogo ya Bi Saburi.

Harusi ikavurugika. "Mchawi kaanguka mchana kweupe!" mzee Kitwana alipiga kelele, akikimbia kwa magoti ambayo asubuhi yake alisema hayafai hata kwa kusali. Faudhia alikimbilia kule kule mihogoni, akiomba jambo moja tu: huyo mtu awe hai, hata kama atamtukana.

Alikuwa hai, na alimtukana. Jina lake Ambokile, daktari wa meno kutoka Dar, kajifunga mgongoni injini yenye panga kubwa linalozunguka kama feni. Kiwiko kilikuwa kimechubuka.

"Kile kidude chako kingeingia kwenye hii feni, sasa hivi mngekuwa mnanizoa kwa koleo!"

Faudhia angeweza kusingizia upepo. Angeweza kusingizia rimoti. Lakini uongo ulimshinda.

"Kosa langu, kaka. Niliipandisha mpaka nikaacha kuiona, na wewe sikukusikia. Nisamehe."

Ambokile alikuwa amejiandaa kwa ubishi, sasa akakosa wa kubishana naye. Akatema udongo.

"Na mimi nilitakiwa kupita juu ya msitu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilishuka kuchungulia harusi."

"Basi wote wawili hamna akili," alisema Bi Saburi, aliyekuwa amefika na jagi la maji. "Mngetugeuzia harusi kuwa matanga! Kunywa maji, daktari."

Wakapeana namba hapo hapo. Atakayetaka kuruka au kurusha atamjulisha mwenzake, Ambokile atakaa mbali na mikusanyiko ya watu, na Faudhia hatarusha tena karibu na spika.

Droni ilikuwa imevunjika mabawa mawili. Bibi harusi alipotoka, Faudhia alimpiga video kwa kamera ya mkononi, mikono ikimcheza mpaka mwisho.

Baada ya wiki simu ikaita. Bi Mwanahalima.

"Faudhia, hii picha inayotikisika-tikisika, ndiyo mtindo mpya?"

"Shikamoo mama. Hapana, ni woga."

Kicheko kirefu.

"Marahaba. Mwenzio nimeshawaambia watu wote ni mtindo, tena wa ghali."