Pampu Zinazoungua Jumatatu

Kahawa ya baada ya ibada ndiyo iliyomharibia Anneke Hoekzema Jumapili yake. Alikuwa amesimama ukumbini kanisani, kikombe mkononi, akipokea baraka za akina shangazi kwa sababu keshokutwa alikuwa na usaili wa kazi. Binamu yake Derek, aliyesomea uhandisi chuo kikuu cha jimbo, akajisogeza na mkate wake wa nyama.

"Kazi utapata tu, usitokwe jasho," Derek akasema huku akitafuna. "Chuo chenu kile cha sala na falsafa, nasikia hakuna mhandisi wenu hata mmoja anayekosa kazi. Huku kwetu ukiitwa Hoekzema, jina ndiyo shahada."

"Kwani wewe si damu yetu?"

"Mimi mama yangu aliolewa nje. Ilibidi nisome."

Watu wakaangua kicheko. Anneke naye akacheka, ila maneno yale yalimchoma. Miaka minne alikuwa amekesha maabara akipigana na hesabu za maji na mabomba. Juu ya hayo alisoma historia, theolojia na hoja za wanafalsafa waliokufa zamani, maana chuoni kwao haruhusiwi mtu kutoka akijua namba tu. Wenzake walikwisha kuitwa makazini, mmoja kiwanda cha mabawa ya ndege, mwingine mashine za hospitali, na hakuna shangazi aliyewashika mkono. Yeye ndiye aliyetaka kubaki hapa Iowa kati ya ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo yeye ndiye angeambiwa maisha yake yote kwamba alibebwa.

Jumanne asubuhi akaenda. Kiwanda kilikuwa cha Mzee Lambert Postuma, kinatengeneza pampu za kuhamisha samadi kutoka mazizini. Usaili ulifanyika ofisini kwa mzee, mbele ya kahawa na keki ya lozi. Pembeni alikaa injinia mkuu, Sudha Raman, mama aliyehamia kutoka California miezi michache tu iliyopita. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na keki yake hakuigusa.

"Hoekzema," mzee akaanza. "Wa hapa mjini au wa ng'ambo ya mto?"

"Wa ng'ambo, mzee. Babu yangu ni Wiebe."

"Wiebe! Yule aliyemwoa Trena, dada yake Marvin Kooima?"

"Huyo huyo."

"Wee! Bibi yako na mama yangu mdogo waliimba kwaya moja! Na Marvin, si ndiye aliyemuuzia kaka yangu trekta lililokuwa haliendi nyuma?"

Ndivyo walivyo watu wa huku. Hawawezi kumaliza kikombe na mgeni kabla hawajajua ni wa nani. Mzee Postuma aliufuata ukoo mpaka Uholanzi, walikotoka mababu zao, akarudi nao, akafurahi, akapiga meza kwa kiganja.

"Basi, imetosha. Mjukuu wa Wiebe hawezi kuwa mvivu. Jumatatu uje kazini."

Injinia Raman akageuza uso dirishani. Anneke alimwona. Kazi ilikuwa imeshaingia mkononi, kilichobaki ni kusema asante na kwenda zake. Lakini akilini alimwona na Derek pia, anatafuna mkate wake.

"Nashukuru sana, mzee," akasema. "Ila hujaniuliza swali hata moja la kazi."

"La nini tena, mwanangu?"

"Niulize. Nikishindwa, usinichukue."

Injinia Raman ndiye aliyesimama. "Njoo," akasema.

Karakana ilikuwa na safu ya pampu zilizorudishwa na wateja, mota zake zimeungua zinanuka. "Hizi tumeziuza jimbo zima," Raman akasema. "Zinaungua huku kwenu tu, tena Jumatatu asubuhi. Nimejaribu moja hapa wiki nzima, usiku na mchana, haikugoma. Nikawauliza wakulima wanaitumia mara ngapi. Wote wananiambia, kila siku. Haya, niambie."

Anneke akachuchumaa. Akaingiza kidole kati ya mapanga ya pampu, kikatoka na mchanga. Ng'ombe wa huku hulalia mchanga, na mchanga huishia kwenye shimo la samadi. Akakitazama kidole chake, akatabasamu.

"Hawakukudanganya," akasema. "Ila Jumapili hawaihesabu, ni siku ya Bwana, watu hawafanyi kazi. Ng'ombe watakamuliwa na watalishwa, maana hiyo ni lazima na ni huruma. Samadi inaweza kungoja. Pampu inazimwa Jumamosi jioni, mchanga unatuama, unashindiliana. Jumatatu alfajiri mtu anabonyeza swichi, mapanga yamekwama, mota inalazimisha mpaka inaungua."

"Maneno hayo. Nataka hesabu."

Akaomba chaki, akapiga magoti sakafuni na gauni lake lilelile la usaili. Raman akasimama juu yake bila huruma. "Hapo umesahau msuguano," akasema. Anneke akafuta kwa kiganja, akaanza upya, na safari hii namba zikakaa: nguvu iliyotakiwa kuwasha pampu iliipita ya mota kwa mbali.

Mzee Postuma alikuwa amewafuata na kikombe chake. "Jamani," akasema polepole. "Mimi mwenyewe zizini kwangu siwashi pampu Jumapili. Tangu nizaliwe!"

"Na hukuniambia?" Raman akamgeukia.

"Hukuniuliza! Nani anauliza jambo kama hilo?"

"Basi tuweke saa," Raman akasema, "pampu ijiwashe yenyewe Jumapili, dakika chache tu."

Anneke akatikisa kichwa. "Hiyo nayo ni kazi. Baba yangu na wafugaji wenzake wataikata waya Jumamosi. Tuweke kikorogeo, kizunguke kwanza Jumatatu, kiuvuruge mchanga kabla pampu haijawaka. Tubadilishe pampu, watu tuwaache."

Raman akaipitia tena ile hesabu ya chaki sakafuni, mstari kwa mstari. Halafu akamnyooshea mkono, akamwinua. "Jumatatu asubuhi," akasema. "Uje na nguo za kazi."

Mzee akashindwa kujizuia, akawaita mafundi wote kwa sauti. "Njooni mumwone mjukuu wa Wiebe!"

"Injinia wa pampu, mzee," Raman akamrekebisha.

Fundi wa kuchomelea, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akainua kofia yake ya chuma. "Sawa, injinia. Lakini Wiebe yupi, yule wa ng'ambo ya mto?"

"Huyo huyo," Anneke akasema, akijipangusa chaki magotini. "Jina amenipa yeye. Kazi nimeitafuta mwenyewe."