Zdravka Aigiza Ukutani

Jumanne tarehe nne Novemba, saa nne asubuhi, halmashauri ilitia kufuli ukumbi wa kijiji cha Gorno Lozevo. Paa bovu, walisema. Zilikuwa zimebaki siku tano kina mama waoneshe mchezo wao. Zdravka, msambaza barua wa miaka sitini na moja, alikuwa amepewa nafasi ya malkia, ya kwanza maishani mwake. Aliogopa kusahau maneno mbele za watu, na kweli alikuwa akiyasahau. Hivyo akaendelea na mazoezi uani, kwenye theluji. Homa ya mapafu ikamshika. Februari akafa. Wakubwa walituma shada la maua.

Mumewe, Metodi, alibandika karatasi za tanzia zenye picha yake, kama tufanyavyo sote: getini, kituo cha basi, ukuta wa duka la mikate. Siku ya nne, ile ya dukani ikaanza kuigiza.

“Shoga, punguza sauti,” alisema Ginka, muuza mikate. “Siwasikii wateja.”

Zdravka akapunguza. Metodi alipofika, Zdravka aliuacha umalkia kwanza.

“Picha zote zile, wewe ukachagua ya kitambulisho?”

“Ndiyo pekee uliyofunga mdomo.”

Sehemu ya pili ilimshinda. Kila siku alikwama palepale, Metodi akimnong'oneza kutoka daftarini. Tena mvua zilikuwa zimeanza, na wino unachuruzika. Tanzia kwetu haibanduliwi wala kuhamishwa. Hukaa mpaka iishe yenyewe.

“Ngoja siku ya arobaini, nitabandika mpya,” alisema Metodi.

“Watu nimeshawaalika Jumapili. Nikikosea, si watacheka tu?”

Jumapili watu walikuja na viti vyao. Meya alikaa mbele, chini ya mwamvuli. Zdravka alikwama palepale. Watu wakacheka. Akacheka nao, akatunga maneno yake mwenyewe, akaendelea hadi mwisho, shavu moja likiwa limeshayeyuka.

Makofi yalikuwa mengi. Meya naye alipiga, akaipongeza halmashauri kwa kukuza utamaduni, kisha akaenda kuhakikisha kufuli la ukumbi limebana vizuri.

Tangu hapo, kila Jumatatu Metodi husimama kwenye dirisha la ofisi ya Meya, kofia mkononi.

“Bwana Meya, mke wangu kamaliza mchezo mzima juu ya karatasi, mvuani. Lile paa mlikuwa mnamwogopea nani?”