Wapagazi Watakula Mwisho

Griffins alipenda kila kitu kiwe halisi, na hapo ndipo mtu alipopaswa kumkatalia mapema. Mchezo alioutunga ulihusu mwaka 1916, Waingereza walipoteka koloni la Wajerumani na meja mmoja, daktari, akatumwa kupanga hospitali za jeshi: maofisa kwenye nyumba ya matofali, askari kwenye mahema, wapagazi chini, juani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa meja. Baba yangu, Mzee Zephaniah, alikuwa mpagazi mgonjwa. Babu yake alifia hospitali kama hiyo, kwa hiyo nafasi hiyo aliiomba mwenyewe.

"Leo hata lunch tutakula kwa rank," Griffins alitangaza katika ukumbi wa kanisa, Barking, huku Uingereza. "Maofisa kwanza, wapagazi mwisho. Lazima tu-feel hii kitu."

Nilichukia papo hapo. Tangu lini mzee kama baba akangoja vijana washibe? Tena ana kisukari, na alikuwa ameshajidunga insulini akijua pilau iko tayari. Asipokula upesi baada ya sindano, sukari hushuka, na ikishuka sana inaua.

"Baba, kula sasa," nilimnong'oneza.

"Wacha, Makena. Usiniaibishe mbele ya watu."

Nikanywea. Mimi, nesi ninayebishana na madaktari wodini kila siku, nikanywea kwa baba yangu.

Maofisa wakala. Rasik, mfamasia wa Wembley aliyeigiza daktari Mhindi, naye akala. Griffins alitafuna polepole kwa makusudi, sahani mkononi, akipita katikati ya wagonjwa. Askari wakajipanga foleni. Baba alikuwa amelala mkekani, shati limelowa jasho, midomo inatetemeka.

"Mwaona mzee anavyoigiza!" Griffins alisema, na watu wakapiga makofi.

Makofi! Nilipiga magoti, nikamwita baba. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Makena, please, usiharibu scene..."

"Nitokee hapa!"

Nilimsukuma, pilau ikamwagika. Rasik alikuwa ameshaelewa. Alikuja mbio na chai, akatia sukari bila kupima. Nilimwinua baba kichwa. Aliweza bado kumeza, kwa shida. Kijiko. Kingine. Niliogopa nisivyowahi kuogopa kazini, nikawa namwomba Mungu kwa Kimeru. Mwishowe macho yake yalitulia, akaniita kwa jina.

Hapo hasira ikanipanda upya. "Baba, chakula kilikuwa hapo tu! Mbona hukuitisha?"

Alijifuta mdomo, akaitazama foleni iliyokuwa imesimama na sahani zake.

"Miaka yote nimemlaumu babu yangu kwa kufa kimya," alisema. "Nilitaka kuita, Makena. Lakini askari walikuwa hawajala."