Mianya Miwili

Laban Kiema alifundisha mantiki katika chuo cha wachungaji nje kidogo ya mji wa Machakos. Mwaka wa 1998 bintiye Mukai, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya fizikia Nairobi, alirudi nyumbani ghafla, amekonda. Alisema tasnifu yake imekwama mahali ambapo labda baba yake angeweza kuikwamua.

Wakaketi barazani wakipukuchua mahindi, naye akamweleza. Ukirusha elektroni, zile chembe ndogo za umeme, moja moja kwenye ukuta wenye mianya miwili, ukiwa umefungua mmoja tu, kuna mahali nyuma ya ukuta ambapo zinafika. Fungua na wa pili, na mahali pale pale hazifiki tena hata moja.

"Baba, si ni wewe ulinifunza kwamba kitu kikipita, kimepita huku au kule? Sasa kama imepita huku, ule mwanya mwingine unaihusu nini?"

Laban aliuliza kama vipimo vina kosa. Havikuwa na kosa. Akauliza kama huenda inapita kote kwa pamoja. Mukai akasema ukiweka kifaa cha kuchungulia, kila mara unaikuta upande mmoja, nzima. Ila ukichungulia tu, zinaanza tena kufika pale ambapo zilikuwa hazifiki. Msimamizi wake alimshauri apige hesabu, aachane na maswali. Wataalamu wengine waliandika kwamba mantiki yenyewe ibadilishwe.

"Na hiyo mpya tutaipima kwa kitu gani," Laban akauliza, "kama si kwa hii hii?"

Hilo ndilo lililomleta Mukai nyumbani.

Wiki nzima Laban alijaribu. Kila alipogeuka, ilibidi akubali jambo lisilo la kweli wala la uongo, na miaka yote alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba halipo. Hesabu za bintiye hakuzielewa. Mukai naye alifuata hoja za baba yake zote, asione pa kuziweka katika hesabu zile.

"Sina la kukuambia, mama," akasema hatimaye. "Nimetafuta."

"Najua, baba."

Mukai hakurudi chuoni. Alipata kazi ya kupima saruji kiwandani Athi River. Laban bado hufundisha somo lile, kwamba kila jambo ni la kweli au ni la uongo. Wanafunzi wanapoliandika bila swali, hutamani kuwasimamisha, lakini hajui angewaambia nini.