Kura ya Mahindi

Mwaka 1995, kambi ya wakimbizi ilipokuwa imevimba kuliko mji wowote tuliowahi kuuona, chemchemi yetu ya bondeni, upande wa Kirushya, ilianza kugeuka tope. Malori ya maji yalishuka alfajiri, yakanyonya, yakapanda kambini, yakarudi tena. Kisha tukasikia kwamba mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Matiasi, amekubaliana na shirika moja la misaada chemchemi izungushiwe uzio, iwe ya malori tu. Sisi tungeteka mtoni, mwendo wa asubuhi nzima.

Mke wangu Anjelika hakupata raha tangu habari hiyo. Yeye mwenyewe alivuka kutoka Rwanda miaka ya sitini, akiwa mgongoni kwa mama yake, na amekuzwa na maji hayo. Hakutaka wakimbizi wafe kiu. Alitaka maji yagawanywe, asubuhi ndoo na mchana malori, na jambo hilo liamuliwe na wanaoteka, si na watu wawili ofisini. Akapita nyumba kwa nyumba. Akazungumza pia na wanawake wa kambini waliokuwa wakiteka pamoja nasi, msemaji wao akiwa Niyokwizera, Mrundi.

Mimi nilisoma kisomo cha jioni hadi nikapata cheti. Nilijitolea kuwasemea, maana kwetu wengi hugeuza l kuwa r, na ofisini huchekwa.

"Ulimi wako umenyooka, baba," Anjelika akaniambia, "lakini shingo inayobeba ndoo ni yangu."

Nikawafuata, yeye na wanawake wenzake.

Walikaa nje ya ofisi ya kijiji. Bwana Khalidi wa lile shirika, kijana wa Biharamulo mjini ambaye wazee wake walitoka pwani, akaja kuwauliza shida yao.

"Tunataka kura," wakasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaingia kwenye gari. Alikuwa amekaa nasi vya kutosha kujua kwamba mtu wa huku akitaka kula husema kura. Siku hiyo walitamka sawasawa, naye akawasahihisha kimoyomoyo. Kabla ya adhuhuri likaja lori lenye magunia ya mahindi.

Matiasi akafurahi. Akatangaza kila mtu achukue kibaba chake aende nyumbani, mambo yamekwisha. Niliona wanawake wakitazamana. Wengine walikuwa na njaa kweli, na walikuwa wameshaanza kukunjua kanga. Wangeyabeba yale mahindi, chemchemi ingekuwa imekwenda.

Anjelika akalifungua gunia la kwanza.

"Shikamoo mama, chukueni tu," Khalidi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Tulisema kura. Ile ya kuchagua."

Akaweka mabeseni mawili chini, hili la kugawana, hili la uzio, akaeleza kwamba kila mtu atatupa punje moja. Khalidi alielewa polepole, kisha akacheka mpaka akaegemea lori.

Matiasi hakucheka. Alisema sheria hairuhusu mkimbizi kupiga kura nchini mwetu.

"Hatuchagui mbunge, mzee," Anjelika akasema. "Tunachagua maji. Anayekunywa na apige."

Mstari ulikuwa umeshajipanga. Niyokwizera aliinama akaiweka punje yake taratibu, kama anayepanda. Baadaye alituambia kwamba tangu avuke mpaka, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa anataka nini. Dereva wa lori naye akauliza kama anaruhusiwa, kwa kuwa hunywa palepale kila safari. Wakamwambia asimame nyuma ya mstari. Matiasi aliitupa yake kwa nguvu, ikadunda nje ya beseni la uzio, ikambidi aiokote mbele za watu.

Beseni la kugawana ndilo lililojaa. Khalidi akasema mbele ya wote kwamba uzio hautajengwa.

Asubuhi iliyofuata niliteremka bondeni na mke wangu. Malori yalikuwa juu barabarani, injini zimezimwa, madereva wakinywa chai. Maji yalikuwa bado na tope. Wanawake wakaweka ndoo chini, wakapiga soga, wakangoja yatulie, na hakuna aliyewaharakisha.